Mteremko wa Truchas

Kwa miezi kumi na minne Orlinda Maestas alimpenda mwanamume aliyekuwa akiondoka kwao kila mara kabla jua halijazama, na hakuwahi kumwuliza kwa nini. Alijipa jibu mwenyewe. Alisema moyoni kuwa Filiberto Quintana ni mtu wa adabu, hataki majirani wa Chimayó waseme ameonekana kwenye ua wa Mzee Anselmo giza likiingia. Katika mambo yote aliyompendea, na yalikuwa mengi, hilo ndilo lililomlainisha kuliko yote. Ilikuja kuwa Ijumaa moja ya Julai, juu mlimani, saa tisa alasiri, ndipo akajua kwamba haikuwa adabu.

Siku hiyo walikuwa wamelipandisha gari mpaka Truchas, kijiji cha mlimani, kulijaribu. Lilikuwa gari la baba yake, Chevrolet ya mwaka wa hamsini, yenye mgongo wa mviringo kama kobe. Mzee Anselmo alilinunua mwaka aliooa, na mkewe alipofariki akalifungia kwenye zizi la mbuzi, likakaa humo miaka kumi na tisa. Kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma. Panya walikula nyaya. Mzee alikuwa ameapa kuwa litaozea humo humo, mpaka msimu wa baridi wa mwaka jana alipougua kifua, akapona, akaamka asubuhi moja akasema anataka kulipanda tena kabla hajafa, siku ya sikukuu ya Mtakatifu Santiago, kwenye kiwanja cha mbele ya kanisa, watu wote wakitazama.

Bondeni kote alikuwapo mtu mmoja tu aliyeweza kuifufua injini ya namna ile, na mtu huyo alikuwa mtoto wa adui yake. Baba yake Filiberto, marehemu sasa, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mfereji wa maji mwaka ule wa ukame mkubwa, na Mzee Anselmo aliamini kwa moyo wake wote kwamba zamu yake ya maji ilirukwa mara mbili kwa makusudi. Pilipili zake zilikauka shambani. Mitofaa thelathini ikafa imesimama. Kwa hiyo alipomruhusu Filiberto kuingia uani, alimpa sharti mbele ya watu. Gari aguse. Binti asiguse.

Filiberto hakuja peke yake. Alikuja na klabu nzima, watu wa magari ya zamani wanaojiita Wenye Subira, ambao fahari yao si mwendo kasi bali kupita taratibu, gari limeshushwa mpaka linakaribia kugusa lami, kila mtu apate nafasi ya kutazama. Kila Jumamosi walijaa uani na nyundo zao na vyungu vya maharage. Tranquilino Bustos, mnene, mwenye sauti ya padri, alitoa giaboksi kutoka kwenye gari lake bovu, akakataa hata kahawa ya shukrani. Kioo cha mbele kilitoka kwa mjane mmoja wa Mora aliyekihifadhi chini ya kitanda, na sharti lake likawa moja tu, apelekewe picha gari likimalizika. Bampa la nyuma lilisafiri kutoka Colorado juu ya lori la vitunguu. Orlinda, ambaye kazi yake ni kushona viti vya magari, alishona vya gari hili kwa kitambaa cha kijivu alichokichagua yeye na Filiberto, vichwa vyao vikiwa karibu karibu juu ya meza. Kitambaa walikipata siku ya kwanza, lakini waliendelea kuchagua kwa wiki tatu.

Sasa zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya sikukuu. Mzee alisema hatapanda gari mbele ya kanisa mpaka alione limepanda Truchas bila kuchemsha maji, naye atakuwa ndani ashuhudie. Basi wakapanda watatu. Filiberto kwenye usukani, Orlinda pembeni yake, Mzee Anselmo kiti cha nyuma, kofia magotini, akitazama katikati yao kama anayelinda mpaka wa shamba.

Gari lilipanda vizuri. Halikuchemsha. Walipofika, Mzee alishuka bila kusifu, akasema anakwenda kumsalimia binamu yake nyumba ya tatu, dakika chache, na wao wakae mahali ambapo atawaona kutoka dirishani.

Filiberto alifungua boneti ili injini ipumue. Orlinda alimimina kahawa kutoka kwenye chupa, akamletea kikombe, akakinyoosha pembeni yake. Filiberto hakukipokea. Aliendelea kutazama kabureta na kutabasamu. Orlinda alidhani anamtania. Kisha mbwa wa mtu akaja, mkubwa, wa manjano, akajilaza kwenye vumbi karibu na miguu ya Filiberto, mchana kweupe. Filiberto akageuka, akapiga hatua moja, akamkanyaga mbwa yule mkia, akapepesuka, akashika madigadi asianguke. Mbwa alikimbia akilia. Filiberto alicheka, akasema viatu vyake vimekuwa vizito.

Orlinda hakucheka. Aliweka kikombe chini. Alimsogelea kwa ubavu, akainua mkono wake usawa wa sikio la Filiberto, shubiri moja tu kutoka usoni mwake.

"Usigeuke," alimwambia. "Nimeinua vidole vingapi?"

"Linda, acha mchezo."

"Nimeinua vingapi, Fili?"

Filiberto alisimama akitazama mbele, milimani. Shavu lake lilicheza. 

"Sijui," alisema mwishowe. "Sikujua hata kama mkono upo."

Akamweleza, kwa sauti ya chini, mgongo wake ukiwa umeelekea nyumba ya yule binamu. Alisema ni miaka mitatu sasa. Mbele anaona, hata sindano iliyoanguka anaiona akiitazama moja kwa moja, lakini pembeni hakuna kitu, ni kama kuchungulia dunia kwa bomba la maji, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Giza likiingia, hata hilo bomba linazibwa. Mjomba wake alianza hivyo hivyo. Daktari wa Albuquerque amemwambia hakuna dawa.

"Nani mwingine anajua?"

"Klabu."

"Klabu nzima?"

"Tranquilino ndiye aliyenipeleka kwa daktari."

 Mambo ambayo Orlinda aliyaona kwa miezi kumi na minne yakaja moja moja na kugeuza sura. Tranquilino akimwekea Filiberto spana mkononi kabla hajaiomba, na yeye akidhani ni urafiki. Wanaume wakubwa wakizozana kwa utani nani amrudishe Filiberto nyumbani jioni. Mtu fulani siku zote akisema "ngazi", "ndoo hiyo", "angalia mlango", katikati ya hadithi, bila kukatiza hadithi. Na kuondoka kabla ya jua kuzama.

"Kwa hiyo watu ishirini wanajua," alisema, "na mimi niliyekuwa nikikusubiri dirishani kama msichana wa miaka kumi na sita, ndiye nisiyejua."

"Ningekuambia ungebaki kwa huruma."

"Hukunipa hata nafasi ya kukimbia, Fili. Hiyo huruma umeijulia wapi?"

Filiberto alifunga boneti polepole. Alisema aliogopa. Alisema maneno hayo hayo mara mbili, kwamba aliogopa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kubeba. Alisema pia kwamba Mzee Anselmo ana chuki ya miaka mingi asiyokuwa na ushahidi nayo, na kumwambia habari ya macho ni kumpa sababu ambayo hata Filiberto mwenyewe asingeweza kuipinga.

"Na leo umempakia baba yangu," Orlinda alisema. "Umepanda naye mlima huu, upande mmoja ukuta, upande mmoja korongo."

"Mchana barabara naiona."

"Nipe funguo."

"Nikikupa funguo mbele yake atauliza kwa nini. Linda, niache nimfikishe nyumbani leo tu. Ni maili nane. Nikishalizima gari hili uani kwenu sishiki tena usukani maisha yangu yote. Nakuapia kwa kaburi la mama."

Orlinda aliinua macho. Upande wa vilele, mawingu yalikuwa yamejikusanya, meusi chini na meupe juu, mawingu ya Julai yasiyopiga hodi. Mlango wa yule binamu ukafunguka, Mzee Anselmo akatoka akijifuta mdomo. Alikuwa anakuja. Hatua ishirini, kumi na tano. Neno moja tu lilitosha. Akilisema, baba yake atamfukuza Filiberto pale pale, na bonde zima litajua kufikia jioni. Asipolisema, watashuka.

Mzee alifungua mlango wa nyuma. "Twendeni, mvua inakuja," alisema.

Orlinda akaingia garini, akanyamaza.

Baadaye, kila alipokumbuka ukimya ule, alisikia aibu mpaka kwenye meno. Lakini wakati ule aliusikia kama upendo.

Kona ya kwanza walishuka vizuri. Filiberto alitia gia ya pili, injini ikalishika gari, likateremka kwa heshima. Orlinda alikuwa ameshika kitambaa cha kiti, kile kile alichokishona, akaanza kuongea kama mtu anayefurahia safari. Alisema, tazama kona hii ya kulia ilivyo kali. Alisema, lile lori la nyasi linalokuja kushoto kwetu ni la nani. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Filiberto alielewa, akafuata kila neno, mikono yake ikigeuza usukani pale alipoambiwa. Kiti cha nyuma, Mzee alimwuliza binti yake tangu lini amekuwa msemaji hivyo.

Kona ya pili mvua ikaanguka. Haikuanza na matone. Iliangushwa yote pamoja, na mawe ya barafu ndani yake, yakigonga paa kama mtu anamwaga mahindi kwenye karai. Mwanga ukaondoka, alasiri ikawa kama magharibi. Waipa za gari lile huvutwa na injini, ukikanyaga mafuta zinasinzia, na kila Filiberto alipogusa mafuta, kioo kiligeuka maziwa. Alikuwa ameinama mpaka paji la uso linakaribia kioo. Jasho lilimtiririka shingoni ingawa ndani kulikuwa na baridi. Orlinda alimtazama usoni akajua, bila kuambiwa, kwamba bomba limezibwa. Alikuwa anaendesha kwa kukumbuka.

Kulia kwao, pembezoni mwa lami, mtu alikuwa akitembea na farasi, gunia kichwani. Orlinda aliwaona. Bado alitumaini Filiberto atawaona. Gari liliendelea kuwaendea kwa utulivu uleule, halikupunguza, halikupinda, na hapo Orlinda alipata hofu ambayo hajawahi kuipata tena, kwa sababu uso wa mwanamume aliyempenda ulikuwa mpole kabisa, uso wa mtu ambaye mbele yake hakuna mtu wala farasi.

Aliushika usukani kwa mikono miwili, akauvuta kushoto. Kioo cha pembeni kilipita kwenye mkia wa farasi. Mtu yule alijirusha kwenye majani.

"Simamisha gari," Orlinda alisema. Hakupiga kelele. "Fili, mpenzi, simamisha gari."

Filiberto alikanyaga breki. Gari lilisimama katikati ya barabara, limekaa mshazari. Nyuma yao yule mtu alisimama, akapiga ngumi hewani, akamshika farasi wake akaondoka. Ndani palisikika barafu tu.

"Kwa nini tumesimama?" Mzee Anselmo aliuliza.

Orlinda alifungua mdomo. Filiberto akamgusa mkono, kama anayesema hili si lako.

"Kwa sababu sioni, Mzee," alisema bila kugeuka. "Macho yangu yanakufa. Mchana naona nusu, hivi sasa sioni kitu. Nilipaswa kusema siku ya kwanza nilipoingia kwako. Binti yako nimemwambia leo, tena baada ya yeye kugundua. Nimehatarisha maisha yenu kwa sababu nilimtaka. Sina neno jingine."

 Orlinda alimsikia baba yake akivuta pumzi, mara moja, mara ya pili, kifua kikikoroma. Kusimama pale hakukufaa, maana gari lolote likitokea juu lingewakumba. Orlinda alishuka kwenye mvua, akazunguka mbele, akafungua mlango wa dereva. Filiberto alisogea kumpisha.

Gari la Orlinda mwenyewe hubadilisha gia peke yake. Hili lilikuwa na mkono wa gia shingoni mwa usukani, breki ngumu kama gogo na usukani unaohitaji mabega. Aliwahi kuliendesha uani tu, mara tatu, watu wakicheka. 

"Siwezi," alinong'ona.

"Klachi mpaka chini," Filiberto alisema. "Ya kwanza, kwako na chini. Sasa achia polepole. Naisikia. Polepole. Hapo."

Likaondoka. Wakashuka hivyo, yeye akitazama, Filiberto akisikiliza. Hakuona barabara, lakini injini aliisikia kama mtu anavyosikia pumzi ya mgonjwa wake. Alimwambia lini atie ya pili na lini asiguse mafuta. Maji yalipokatiza barabara kwenye makorongo madogo, Orlinda akakanyaga breki na breki zikakataa kushika, gari likateleza kuelekea ukingoni, na mtu aliyepiga ukelele alikuwa Mzee Anselmo. Filiberto alimwambia breki zimelowa, aziguse kidogo kidogo zikauke, asiogope. Orlinda alimjibu anaogopa. Filiberto akasema basi aogope huku akizigusa. Akazigusa. Mara ya nne zikashika. Ukingo ulikuwa umebaki hatua mbili, na chini yake palikuwa na vilele vya misonobari.

Nani alijua maili nane ni nyingi vile. Walipoingia uani kwao mvua ilikuwa imepungua, na mtaro ulikuwa unanguruma maji mekundu. Orlinda alizima injini. Mzee Anselmo alishuka, akazunguka, akasimama kwenye dirisha la binti yake, mvua ikimtiririka kichwani, kofia mkononi.

"Tulipotoka Truchas ulikuwa unajua?"

"Nilijua, baba."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza kona mbili."

Mzee alitikisa kichwa. Alisema mama yake Orlinda angekuwa hai angemzaba kofi, na yeye anashindwa kwa sababu mkono unatetemeka. Kisha akainama kumtazama Filiberto.

"Na wewe. Baba yako alinichukulia maji. Wewe ulitaka kunichukulia binti na roho yangu kwa mpigo mmoja."

"Ndiyo, Mzee," Filiberto alisema.

Orlinda alitegemea angejitetea. Hakujitetea. Mzee pia, inaonekana, alitegemea hivyo, maana alibaki amesimama akisubiri maneno ambayo hayakuja.

"Nilimfuata baba yako mara saba," Mzee alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Nilitaka kitu kimoja tu, aseme. Aseme, Anselmo, nilifanya. Nilimfuata mpaka kitandani mwake anakufa. Alinigeuzia uso ukutani." Alijifuta mvua machoni. "Wewe umesema, wala hakuna aliyekukamua."

Alivaa kofia yake, ingawa haikuwa na maana tena kuivaa. Akauliza Jumapili nani ataendesha. Orlinda akasema yeye. Mzee akauliza, na huyu je. Orlinda akasema huyu atakaa mbele pamoja naye, la sivyo gari halitatoka, kwa sababu bila yeye hajui kuliendesha.

"Basi akae," Mzee alisema. "Gari tu. Mengine sijasema kitu." Akaingia ndani, mgongo umepinda kuliko asubuhi.

Wakabaki wawili. Orlinda alijaribu kuondoa mikono kwenye usukani, vidole vikagoma. Vilikuwa vimekauka pale, vyeupe, kama si vyake. Filiberto alipapasa mpaka akavipata, akaanza kuvibandua kimoja kimoja.

"Daktari amesema miaka mingapi?" Orlinda aliuliza.

"Mitano. Labda saba."

"Halafu?"

"Halafu hata uso wako nitaujua kwa mkono tu." Alibandua kidole kingine. "Una haki ya kuniacha, Linda. Sitakufuata."

Orlinda alilia kidogo, bila sauti. Hasira ilikuwa haijaisha, na alijua haitaisha leo wala kesho. Aliiona miaka ile mitano imesimama mbele yake kama ule mteremko, na safari hii hakuna aliyekuwa anajua mahali pa kukanyaga breki.

"Jumatatu tunakwenda Albuquerque," alisema. "Nataka daktari aniambie mimi mwenyewe."

"Utaogopa zaidi ukimsikia."

"Najua," Orlinda alisema, akalivuta shati la Filiberto mpaka paji la uso la mwanamume huyo likakaa begani mwake. "Lakini kuanzia leo, nikiogopa, nitaogopa nikijua."